Msichana wa Ukutani

Mimi nikisema nitakwenda, nakwenda. Ndivyo nilivyolelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na Sydney haikunibadilisha. Kwa hiyo Bibi aliponiomba nikamwangalizie kama bado yupo kwenye ukuta wa kwao, sikumwambia tutaona. Nilisema ndiyo, ingawa mwaka ule hata kutoka mtaani kwangu Merrylands kwenda kazini kulihitaji kibali.

Nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao yao kule Campbelltown, safari ndefu ya treni. Corona ilikuwa imefunga milango, wageni hawaruhusiwi. Bibi alikuwa na miaka tisini na kitu, hakuwa na mtoto, na watu pekee aliowaona ni sisi tuliojifunika barakoa na magauni ya plastiki. Kazini tulifundishwa kuwaita wazee kwa majina yao. Mimi mtu aliyenizidi miaka hamsini siwezi kumwita jina. Nilimwita Bibi, nikamweleza maana yake, akaipenda.

Kwao ni mji mdogo wa kale, milimani Austria. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa amechorwa mtakatifu mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili, anavuka mto na mtoto begani, na yuko pale tangu karne nyingi zilizopita. Watu wa pale husema anayemtazama asubuhi hafi siku hiyo.

"Kwa hiyo waliokufa kwenu wote walikuwa vipofu?" nilimuuliza nikimvalisha soksi.

Alicheka mpaka akakohoa, na siku zile mtu akikohoa chumba kizima kiligeuka.

Baba yake alikuwa fundi rangi. Sehemu ya chini ya mchoro iliharibika, akapewa kazi ya kuitengeneza, na bila kumwomba mtu ruhusa akamchora binti yake wa miaka saba, amesimama ukingoni mwa mto. Binti huyo ndiye Bibi. Alipoolewa alikuja Australia kwa meli na hakurudi tena. Nilipekua picha zote za mtandaoni. Nyingine zilimwonyesha mtakatifu kuanzia magotini kwenda juu, nyingine zilikuwa na baiskeli zimeegeshwa palepale nilipotaka kuona.

Mipaka ilipofunguliwa, mdogo wangu akaoa Ubelgiji. Harusi ilipokwisha nikapanda treni ya kwenda kwa kina Bibi, nikabadilisha mara tatu. Mwenzangu wa zamu, nesi Mkenya, alikuwa amenionya kwenye simu.

"Ukimkosa, mwambie tu yuko. Usimstress, bana. Na macho yale ataona nini?"

Wala si yeye peke yake. Hata kwenye mafunzo tunaambiwa mzee asibishiwe. Nilimjibu kwamba mtu ninayemwogesha simdanganyi. Amekuvulia nguo zote, halafu wewe umfiche neno?

Nilifika pale ukutani saa nne asubuhi. Mtakatifu alikuwepo, mkubwa kuliko nilivyodhani, na uso wa mtu aliyechoka lakini hatui mzigo. Nikashusha macho mpaka kwenye maji. Samaki walikuwepo. Ukingoni, nyuma ya baiskeli mbili, palikuwa na lipu ya kijivu, basi. Nilitafuta kulia, nikatafuta kushoto, nikapapasa ukuta kwa mkono mpaka mzee mtunza kanisa akatoka kunikataza. Nilimuuliza msichana yuko wapi. Kwa Kiingereza cha kuokoteza alinieleza kwamba zamani kidogo walikuja wataalamu, wakafuta yote yaliyoongezwa baadaye, ili mchoro ubaki kama ulivyochorwa mwanzo. Aliyasema kwa fahari.

Nilikasirika, sifichi.

"Huyo mliyemfuta yuko hai," nilimwambia. "Leo asubuhi kala uji. Anasubiri simu yangu."

Yule mzee alivua kofia. Alisema hawakujua kwamba ni mtu.

Nikapiga simu ya video. Sydney ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na nesi alikuwa amemshikia Bibi simu. Nesi alinikazia macho, nikamwelewa vizuri sana. Maneno yangu yote ya simdanganyi yaliniwia mazito, kwa sababu Bibi alikuwa amechanwa nywele na kuvishwa sweta la kutokea.

"Bibi, mtakatifu yupo," nilisema. "Wewe hupo. Wamekufuta."

Nesi alifumba macho. Bibi alisogeza uso karibu na simu.

"Wamefuta vizuri?" aliuliza.

"Vizuri. Hakuna hata alama."

"Mpe mtu simu. Wewe nenda kasimame pale."

Nikampa mtunza kanisa simu, nikasogeza baiskeli, nikasimama mbele ya lipu ile na koti langu na kilemba changu cha harusini. Watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Sauti ya Bibi ilinifikia kutoka mkononi mwa yule mzee: kushoto, kushoto tena, hapo. Miaka miwili nilikuwa mimi ninayemwambia ageuke, ainue mkono, akae. Sasa alikuwa ananiamuru yeye, na hakusema tafadhali.

"Miguu pamoja," alisema. "Baba hataki nitikisike."

Niliweka miguu pamoja. Machozi yalinijia nikayaacha yashuke, maana nilikuwa nimekatazwa kutikisika.