Kiti Tulichomwekea Diwani

Juzijuzi mdogo wangu alinitumia picha ya kiti. Kiti cha kukunja, kitupu, kimewekwa mbele ya ukumbi uliojaa watu, na mgongoni pake kimebandikwa karatasi yenye jina la mbunge wao. Mdogo wangu yuko Marekani, Ohio, ni nesi, na uraia alishapata zamani, kwa hiyo anapiga kura na kila kitu. Yeye na majirani zake wana miezi wanamwita huyo mbunge aje awaeleze kwa nini kliniki ya mji wao inafungwa wakati aliwaahidi kwamba haitafungwa. Haji. Kila Jumatatu wanapiga simu ofisini kwake, wanapita nyumba kwa nyumba na vikaratasi, na kila mkutano wanamwekea kiti chake ili watu waone ni nani hayupo. Sasa ofisi yake imesema atakuja Jumamosi ijayo. Chini ya picha mdogo wangu aliandika: "Dada, nitumie pilau ya mama, vipimo vyake vyote. Nataka tumpikie kama mlivyompikia yule diwani Barking. Siku ile tulishinda, unakumbuka?"

Nilikuwa kwenye basi, natoka kazini Ilford, huku London, nakwenda Barking kutafuta samaki. Niliusoma ujumbe mara tatu, na basi likapita kituo changu.

Wewe rafiki yangu unanijua, sipendi kumharibia mtu furaha yake. Lakini hatukushinda siku ile. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, alichobaki nacho ni harufu ya mdalasini na kelele za watu wakicheka. Mimi nilikuwa na kumi, na mimi ndiye niliyeshika karatasi.

Tulikaa ghorofa ya tisa. Jengo lenyewe halipo tena, nitakuja huko. Tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa mama, mimi na mdogo wangu. Tulitoka Tanga nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa anafanya usafi maofisini, anaondoka kabla hatujaamka. Bibi ndiye aliyetulea, na bibi kila siku saa nne asubuhi alikuwa anajifunga kanga juu ya koti, anapanda lifti, anakwenda sokoni. Hakuwa na cha kununua kila siku. Alikuwa anakwenda kuangalia. Anabonyeza mihogo, anawafunua samaki mashavu, anagombana na wauzaji kwa Kiswahili na wao wanamjibu kwa lugha zao, wanaelewana vizuri tu. Akirudi anatusimulia mpaka jioni.

Halafu lifti ikafa. Ilikuwa imeshazoea kuugua, siku mbili tatu hivi, lakini safari hii waliifunga kwa utepe wa manjano wakaenda zao. Tukawa tunapanda kwa miguu. Nakumbuka mifuko ya mchele ikinikata vidole, na harufu ya ngazi zile, dawa ya kusafishia imechanganyika na mambo ambayo dawa haikuyaweza. Sisi watoto tulikuwa na kituo chetu ghorofa ya nne, tunakaa chini na mizigo tunapumzika, na nikisema kweli pale tulifurahi. Mtoto hajui. Magoti ya bibi ndiyo yaliyojua. Alijaribu kushuka mara moja akaishia ghorofa ya saba, na mama na mimi tulimrudisha juu kwa saa nzima.

Tangu siku hiyo ilikuwa nikirudi shule, kabla sijavua viatu, bibi ananiuliza, "Haya, huko chini kuna nini leo?" Hiyo ikawa kazi yangu. Nilikuwa napitia sokoni makusudi ili niwe na la kusema. Namwambia samaki leo wamechoka, mihogo imeletwa mipya, yule mwanamke wa mchicha amesuka. Siku za mvua nilikuwa sipiti, natunga. Nadhani alijua. Siku moja alisema, "Leo soko lako limejaa sana kwa siku ya mvua, mjukuu wangu," akaniambia nikanywe chai.

Walioanza kufanya jambo ni wanawake. Mama, na mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya sita aliyekuwa akilea wazee kwenye nyumba ya wazee, kazi niliyoirithi mimi. Huyo mama alikuwa na sauti ya kanisani, akigonga mlango wa sita wanasikia wa nane. Walipita milango yote na karatasi ya kutia sahihi. Mimi nilikwenda nao kwa sababu ya Kiingereza, kila mlango nasema maneno yale yale. Mhindi mwenye duka hapo chini, mzaliwa wa Kisumu, aliwatolea nakala bure na kuweka moja kwenye kaunta yake, akawatania kwamba wakishamaliza lifti wamtafutie na mke. Watu walisaini. Wazungu, Wabangali, Wasomali, yule mzee mwenye mbwa ambaye hakuwahi kutusalimia. Nilikuwa sijaona jengo lile likikubaliana kwa lolote.

Kisha wakamwita diwani. Chini kulikuwa na chumba cha wapangaji, chenye viti vya plastiki na birika kubwa la chai. Mkutano wa kwanza hakuja. Wa pili hakuja. Kiti chake kilikuwa mbele, na mama hakuweza kuvumilia kiti cha mgeni kikae hivi hivi, akakitandikia kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano. Mtu mmoja alisema kile kiti kiachwe wazi, kimtie aibu. Mama akasema aibu ataona mwenyewe, kitambaa ni cha kwetu. Mkutano wa tatu hakuja pia, kitambaa kikakunjwa kikarudi juu.

Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba Jumamosi saa saba atafika.

Ningependa uione furaha ile. Ijumaa yote jengo lilinukia vitunguu. Mama alipika pilau ya nyama, sufuria aliyoazima, na sambusa ambazo bibi alizikunja akiwa kitandani, sinia juu ya mapaja. Mama Mkongo alileta sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Dukani ikatoka katoni ya soda. Hakuna aliyepanga kwamba iwe hivyo. Ilikuwa mtu anakuja, na kwetu mtu akija anakula. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kama huyu ni mgeni au ni mtu tuliyemwita atujibu.

Karatasi tuliiandika mezani kwetu, bibi akisikiliza. Maswali matatu. Lifti itatengenezwa tarehe gani. Nani alizuia isitengenezwe. Na wewe utarudi lini kutuambia imefikia wapi. La tatu lilikuwa la bibi. Nilichaguliwa nisome mimi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mdogo wangu akayajua kwa moyo, akawa anayaimba.

Alikuja. Hilo lazima niliseme, maana madiwani wengine hawaji kabisa. Mwanamume mnene, mcheshi, mwenye sauti nzuri, pamoja na mtu wa kupiga picha. Akakalishwa kwenye kile kiti juu ya kitambaa. Sahani ikajazwa kabla hajafungua mdomo. Alikula vizuri, akavua koti, akauliza majina ya viungo akajaribu kuyatamka, watu wakacheka, akacheka na yeye. Nilisimama na karatasi yangu kama tulivyokubaliana. Mama akanitazama, nikajua niwe tayari. Mama Mkongo akaniwekea mkono begani, akanishusha taratibu.

"Umuache akule kwanza," alisema. "Maneno itakuya nyuma."

Hakukosea. Ndivyo sote tulivyolelewa. Ni nani anayemhoji mtu mwenye tonge mkononi? Akamaliza sahani, akaongezwa. Akaletewa chai. Akasimama akasema maneno mengi mazuri, kwamba hajawahi kupokelewa hivi, kwamba jengo lenye watu kama hawa ni hazina, kwamba ametusikia. Ametusikia nini sijui, hatukuwa tumesema. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, karatasi nimeibana kwapani. Picha ikapigwa, simu yake ikalia, akaanza kuvaa koti. Mama akamfungia pilau kwenye boksi ampelekee mkewe.

Hapa ndipo sijawahi kumwambia mtu.

Nilimkimbilia. Nilimfikia mlangoni kabla hajatoka nje, mkono wake mmoja una boksi la mama. Akaniona na karatasi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akaniuliza kama nimemchorea picha.

Nikasema ndiyo.

Akanyosha mkono. Uelewe vizuri, alinyosha mkono, aliitaka. Nami nikaificha nyuma ya gauni. Akacheka, akasema msanii ana haya, akanigusa kichwani, akaenda. Kutoka chumba kile mpaka barabarani hupiti kwenye lifti. Ule utepe wa manjano hakuuona.

Kwa miaka nimejiuliza kwa nini. Wakati mwingine nasema ni kwa sababu mama alikuwa anacheka nyuma yangu, na ilikuwa mara chache. Wakati mwingine nasema maswali yale yalionekana makali mkononi mwa mtoto, na yule mtu alikuwa ametutendea wema. Sijui. Labda nilitaka tu kuonekana nimechora picha.

Jioni mama alimpandishia bibi sahani yake. Bibi akaiweka pembeni.

"Amesemaje?"

"Amekula vizuri, mama. Ameongeza."

"Nimeuliza amesemaje."

Mama akaanza kurekebisha mto. Akasema alikuwa na haraka, ila ameshatujua sasa, ataandika. Bibi akanigeukia mimi. "Wewe, mletaji wa habari. Huko chini kuna nini leo?" Nikamwambia watu walikuwa wengi na pilau imekwisha. Akanitazama, halafu akavuta sahani akala. Alikula yote, siwezi kusema alisusa.

Diwani hakuandika. Ile picha ilitoka kwenye kijarida chake, mama akaibandika kwenye friji. Mkutano uliofuata walikuja watu sita. Ule mwingine haukuitishwa, kwa sababu wengi walisema tusimsumbue mtu ambaye ameshatutembelea. Januari bibi akaanza kukohoa, na Februari wakaja watu wawili wa gari la wagonjwa. Walimfunga mikanda kwenye kiti chao chembamba cha magurudumu wakamshusha ghorofa tisa, ngazi moja moja, wakipumzika palepale petu, ghorofa ya nne. Walimshusha kwa upole sana. Kwenye kila mzunguko wa ngazi alikuwa anatazama dirishani. Nadhani alikuwa anatafuta soko. Hakurudi. Daktari alisema ni mapafu. Mapafu na lifti vinahusiana vipi mimi siwezi kusema, sikusoma hivyo. Lifti ilitengenezwa Mei, na inawezekana kabisa kwamba ilikuwa kwenye foleni muda wote, na kwamba karatasi yangu isingeisogeza hata siku moja. Hilo nalo naliandika, ili niwe mkweli.

Nilishuka kituo cha mbele nikarudi kwa miguu. Pale tulipokaa sasa pamesimama majengo mengine, yenye vibaraza vya vioo, na kupitia mlangoni niliiona lifti ikifunguka yenyewe, ina kioo ndani, inamtajia mtu ghorofa kwa sauti ya kike. Kile chumba kingekuwa hapo mapokezi yalipo. Mlinzi, kijana mpole, alikuja kuniuliza kama nimepotea. Duka la mzee wa Kisumu ni ofisi ya kupangisha nyumba. Mama Mkongo alihamia mbali, nambari yake haipatikani. Mama amefariki mwaka wa nne huu, na mpaka mwisho aliisimulia ile Jumamosi kama siku tuliyotembelewa. Sikumsahihisha. Kitambaa ninacho mimi, kipo chini ya televisheni.

Mdogo wangu huwa ananiambia kwamba kwao mbunge ni mtu wao waliyemwajiri, na asiyejibu anaachishwa kazi kwa kura. Anavyolisema hilo sauti yake inapanda. Marekani mimi naiona kwenye televisheni ya wazee wangu kazini, na siku nyingi hainipi matumaini. Lakini sikupenda kuwa mimi wa kumzimia taa. Nilikaa jikoni na simu, nikaandika nikafuta, nikaandika. Mwishoni nilimtumia vipimo vyote, mchele, nyama, bizari nzima, mdalasini, vitunguu vikaangwe mpaka viwe vyeusi kidogo. Kisha nikamwambia: "Pika, mdogo wangu. Lakini sufuria isifunuliwe mpaka awe amejibu." Na kwa kuwa angeuliza kwa nini, nikamweleza yote, na bibi, na la mlangoni, na mkono ulionyoshwa.

Alama mbili zikawa za buluu. Nikamwona anaandika, anaacha, anaandika. Nilidhani atanituliza, kwamba nilikuwa mtoto. Likaja swali moja.

"Sasa dada, kwa nini hukumpa?"

Lilikuja Jumanne. Leo Ijumaa, kesho ndio mkutano wao. Nimelisoma kazini, nimelisoma kwenye basi. Bado sijamjibu.