Ndama Tisa wa Jovnna

Ántaras alikuwa mtu wa kazi, tena kazi kupita kiasi. Kiangazi, jua likikaa juu miezi miwili bila kuzama, wafugaji wenzake wa Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, walijifunika ngozi usoni wakalala. Yeye hapana. Atalalaje na kuna mwanga? Mkewe Risten alishachoka kumwambia.

Mwaka ule kulungu wao wa kufugwa, wale wa nchi za theluji, walizaa sana, na Ántaras akakaa zizini siku tatu mfululizo kwa kahawa na nyama kavu tu. Mdogo wake Jovnna alikuwa anatazama kila ndama anamfuata mama yupi, kisha anaita namba aliyovishwa ndama shingoni na jina la mwenye mama huyo. Ántaras anakamata, anakata masikio. Kila mfugaji ana mkato wake: Ántaras mapengo mawili sikio la kushoto, Jovnna ncha ya sikio la kulia. Siku ya tatu macho yalimvimba, kisu kikawa kinakwenda chenyewe. Ndama tisa wa Jovnna akawatia mkato wake yeye. Na sikio likishakatwa limekatwa.

"Kaka, umeniibia mchana kweupe," Jovnna alisema, zizi zima likisikia.

"Usingizi huo, Jovnna. Chukua tisa wangu, chagua mwenyewe."

"Wako siwataki. Sema umeniibia."

"Sikuiba."

"Basi tutaonana jua likizama."

Vichwa vigumu, wote wawili, ndivyo walivyozaliwa. Ántaras alitaka kitu kimoja tu duniani: mdogo wake aamini kwamba yeye si mwizi.

Novemba jua likazama, likawa ndiyo basi mpaka Januari. Kila wiki Ántaras akawa anakuta damu kwenye theluji na kichwa cha kulungu kisicho na masikio. Asiye na masikio hana mwenyewe. Hata polisi hawana pa kushika. Watano walikwenda hivyo, naye akameza. Wa sita alikuwa dume lake la kuongoza kundi, alilolilea kwa mkono. Hapo akafuata alama za pikipiki ya theluji, kisu kiunoni.

Alimkuta Jovnna saa tisa alasiri, giza totoro, taa kichwani, anachuna. Hakumsalimu. Alimrukia. Waligaragara juu ya matumbo yanayofuka mvuke, wakipigana ngumi na kung'atana kama mbwa. Jovnna alimvunja pua kwa mpini wa kisu. Ántaras akamsukuma, Jovnna akaangukia jiwe, na mfupa wa paja lake ukalia kama kuni kavu. Kisha Ántaras akamkalia kifuani, akamshika sikio la kushoto, akamkata mapengo mawili. Tusidanganyane, alifurahi.

Akainuka, akapanda pikipiki yake. Baridi ilikuwa thelathini chini ya sifuri na nyumba ya karibu kilomita arobaini. Kumwacha pale ni kumuua, naye alijua. Akawasha injini.

"Kaka," Jovnna aliita, sauti ya chini tu. "Umenitia mkato wako. Tangu lini unamwacha wako porini na mguu umevunjika?"

Ántaras akazima injini. "Sema sikuiba."

"Hukuiba. Nilikuona unasinzia na kisu mkononi. Nilijua siku ile ile."

"Ulijua? Ukaniulia sita?"

"Ulitaka kunipa ndama," Jovnna alisema, akitema damu. "Hukuniambia samahani. Mbele ya watu wote wale, hata mara moja."

Ántaras alikaa kwenye theluji, damu ya pua ikimgandia midomoni. Alikumbuka zizi, watu, maneno yote aliyoyasema siku ile, moja moja. Kweli neno samahani hakulisema. Alifungua kinywa alitoe sasa, likakataa, na uchungu ukamjaa mpaka akapiga theluji kwa ngumi.

Akamburura, akamlaza kwenye sleji iliyofungwa nyuma ya pikipiki, akamfunika koti lake mwenyewe. Walikwenda kilomita arobaini gizani, Jovnna akilia kwa maumivu kila walipopita juu ya jiwe, na neno lenyewe Ántaras hakulitamka.