Kipindi cha Ijumaa Mchana

Mwalimu Tusekile alipohamia shule ya msingi ya masista, kando ya barabara ya kutoka Igawa kwenda Ubaruku, sifa zake zilimtangulia. Kule Mbeya mjini alikotoka, wanafunzi wake wa hesabu walifaulu mpaka wazazi wa shule nyingine wakawa wanamsimamisha sokoni Mwanjelwa, na nyanya zake mkononi, wamwombe tuisheni. Alitembea haraka, alisahihisha haraka, alicheka haraka. Kwa mtoto mzito wa kuelewa, subira yake ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Kwao Rungwe ni Wamoraviani, baba yake mzee wa kanisa, na ndugu zake walimtania sana kwamba anakwenda kupigishwa magoti na Wakatoliki. "Hesabu hazina dhehebu," aliwajibu, akafunga begi.

Sista Tekla, mwalimu mkuu, alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu wa sauti ya chini na mwendo wa taratibu. Alimpokea kwa salamu ya kwao, "Kamwene, Mwalimu," akamtembeza madarasani, bustanini, mpaka bwaloni. Pale akamwonyesha benchi atakalokalia mchana, katikati ya watoto wa darasa la nne. Tusekile akadhani anataniwa. Mchana ulipofika, akaona walimu wote wametawanyika kwenye meza za watoto, wanakula maharage yaleyale, naye Sista anamfundisha mtoto kutafuna akiwa amefunga mdomo. Akakaa.

La benchi alilizoea. Lililomshinda ni ratiba ya Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana, siku hiyo madarasa ya juu hayakusoma. Watoto waligawanywa makundi, wakaenda na walimu wao kwenye nyumba za wazee na wagonjwa wa jirani. Walichota maji, walifagia, walipika, kisha wakakaa kuongea na mwenye nyumba, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au asiye na dini yoyote.

Tusekile akaenda ofisini. "Sista, kipindi hiki naomba unipe mimi. Darasa la saba wana mtihani wa moko hivi karibuni, na hesabu za sehemu bado zinawapiga chenga. Wazazi wamewaleta kusoma, hawakuwaleta kuosha masufuria ya watu."

"Huko nako wanasoma," Sista Tekla alisema. "Hapa tunalea mtu mzima mzima, Mwalimu. Kichwa, moyo na mikono. Ukikuza kichwa peke yake unapata kiluwiluwi."

Tusekile alicheka, kwa sababu majaruba ya mpunga ya Mbarali yamejaa viluwiluwi na alikuwa amewaona asubuhi ileile. Lakini hakukubali.

Matokeo ya moko yalipotoka, hakuyafurahia. Walio juu walikuwa juu kweli, wakiongozwa na Ezron, mtoto wa Mzee Jailos, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Walio chini walikuwa wameshusha wastani wa shule nzima. Basi kwenye kikao cha kamati Tusekile, aliyekuwa amekwisha kupewa usimamizi wa taaluma, akasimama na kupendekeza kwamba wa mkiani warudie darasa la sita, shule isiaibike kwenye mtihani wa taifa. Miongoni mwao alikuwepo msichana mmoja mpole, Goodness, ambaye Tusekile alikuwa ameshaacha hata kumwuliza swali.

Mzee Jailos alimwunga mkono. "Mashine yangu ikishakoboa, mchele mzima unakwenda huku, chenga zinakwenda kule. Ukichanganya, nani atanunua?"

"Umesema kama mfanyabiashara mzuri, Mzee Jailos," Sista Tekla alijibu. "Ila hawa si mchele. Tulale nalo, kikao kijacho tuamue."

Kabla ya kikao hicho Tusekile akavunjika mguu. Alikuwa amekodi jaruba dogo la mpunga, akaenda kuliangalia baada ya mvua, na kwa haraka yake ileile akapita juu ya kingo zenye utelezi. Aliteleza, akasikia kitu kimelia kama kuni kavu. Alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa na hogo jeupe la plasta kuanzia kidoleni hadi gotini. Mama yake asingeweza kuja, anamwuguza baba kule Rungwe. Walimu wenzake walipita asubuhi kabla ya vipindi, wakapita tena jioni. Mchana alibaki na ukuta.

Ijumaa mlango ukagongwa. Wakaingia Goodness na Ezron, nyuma yao mwalimu wao wa zamu, ambaye aliwaacha akaenda nyumba ya pili.

Tusekile alitamani kujifunika shuka. "Rudini shule," alisema. "Mimi si mzee."

Ezron, bingwa wa hesabu, aliinjika maharage jikoni kwa heshima zote, akasimama kuyatazama. Muda si mrefu nyumba ikanuka moshi.

"Ezron," Goodness alisema, "umeweka maji?"

Hakuwa ameweka. Goodness akaiepua sufuria, akamwelekeza pa kuanzia, akamgeukia mgonjwa. "Mwalimu, leo umekula nini?"

"Chai."

"Na jana?"

Tusekile akageukia ukutani. Goodness alipanga mto chini ya mguu uliofungwa, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kumwosha mikono kana kwamba amefanya hivyo maisha yake yote. Na kweli, alikuwa akimwuguza bibi yake aliyepooza; usiku alipopaswa kufanya mazoezi ya hesabu, alikuwa anamgeuza bibi kitandani. Tusekile alikuwa hajawahi kumwuliza.

"Usione aibu, Mwalimu," msichana alisema. "Bibi naye mwanzoni alikuwa anageukia ukutani."

Hapo Tusekile akalia kidogo, akasingizia moshi, na moshi kwa bahati ulikuwepo.

Waliendelea kuja kila Ijumaa. Maharage yakichemka, Tusekile alimfundisha Goodness hesabu za sehemu, taratibu, mara ya kwanza na ya tano kwa sauti ileile. Akiwa amefungwa pale hakuwa na pa kukimbilia, akagundua kwamba msichana alielewa vizuri, ila alihitaji kuambiwa mara mbili zaidi ya wenzake. Ezron naye akajifunza kuunga kitunguu bila kukiunguza.

Siku ya kikao alikwenda kwa magongo. "Pendekezo lile lilikuwa langu," alisema. "Naliondoa. Wote wafanye mtihani."

Mzee Jailos akamtazama. "Mwalimu, tuliambiwa ulivunjika mguu. Kumbe na kichwa?"

Watu wakacheka, naye akacheka nao. "Mzee, kichwa kiko salama. Kilikuwa peke yake tu. Mwanao Ezron amekuwa akinipikia maharage."

"Ezron? Nyumbani hajui hata kibiriti kinakaa wapi."

"Hata kwangu hakujua. Goodness alimwonyesha."

Mzee Jailos akaomba ajenda inayofuata.

Wote wakafanya mtihani. Shule ilishuka kidogo wilayani, na Januari wazazi kadhaa wakahamisha watoto wao. Mzee Jailos alinung'unika sana, ila hakumhamisha binti yake mdogo. Ezron alipata A kama ilivyotarajiwa. Goodness alipata C ya hesabu, akaenda sekondari ya kata, karibu na bibi yake. Tusekile aliposikia alimpigia simu mama yake Rungwe kumpa habari, kwa furaha ambayo A zote za Mbeya hazikuwahi kumpa.

Bado haraka yake anayo, hasa Jumatatu. Lakini Ijumaa mchana anaongoza kundi lake mwenyewe, akichechemea kidogo wakati wa baridi. Mzee mmoja mkali wa kule mferejini aliwafukuza mara ya kwanza, akidhani wamekuja kumwongoa. Wiki iliyofuata Tusekile alimsalimia kwa Kisangu, lugha ya wenyeji, kibovu kama alivyojifunza njiani. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akawaonyesha ndoo zilipo.