Nilivyolinywesha gari madafu ili nipewe mke Kinango

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nianze na jambo ambalo mjukuu wangu ameniomba nisiliandike. Kuna wakati niliamini, kwa moyo mmoja, kwamba injini ikichemka dawa yake ni maji ya dafu.

Si ya bomba, si ya kisima. Dafu. Kwa sababu dafu humpoza mtu, na gari likikaa sana pwani huwa na tabia za watu wa pwani.

Habari hii niliipata kwenye baraza ya kahawa, Ukunda. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na gari. Sikuona kama hilo ni tatizo.

Kisa ni cha kweli. Chumvi nitatia, lakini samaki ni yule yule.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu bado haijapauka. Mimi ni kijana wa Diani, nimemaliza masomo ya jioni, nina cheti, na naendesha pikapu ya mjomba wangu Bakari. Ilikuwa kuukuu, ukipiga honi milango yafunguka.

Basi nikaposa Kinango. Binti aitwa Umazi. Baba yake, Mzee Mwero, ni mfugaji, mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi.

Siku ya kwenda kujitambulisha nilipanda kilima cha Kwale vizuri tu, nikateremka upande wa pili nikiimba. Nilipoingia uani kwa mkwe, kabla sijasema shikamoo, pikapu ikatapika.

Maji yalitoka kwa kile kipaipu chembamba kilicho shingoni mwa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Yakamwagika yote chini, mvuke ukafunika nyumba, kuku wakahama. Naambiwa wengine hawajarudi hadi leo.

Sasa, wakuu, kama hamjaishi Kinango wakati wa kiangazi hamtaelewa uzito wa jambo hili. Akina mama walikuwa ndio wanarudi kutoka bwawani, madebe kichwani, wametembea tangu alfajiri. Na mimi mgeni nataka maji. Si ya kunywa. Ya gari.

Walinipa, kwa heshima. Pikapu ikanywa debe, ikataka jingine.

Mzee Mwero alikuwa akitazama tu. Mwisho akasema, "Kijana, ng'ombe wangu akinywa hivi hunipa maziwa. Hili lako hutoa nini?"

"Hutoa usafiri, baba."

"Mbona limesimama?"

Masomo ya jioni hayakufika hapo.

Alipokuwa akinisindikiza akanipa sharti. "Siku ya kumchukua Umazi, njoo na gari hilo hilo. Likiomba maji hapa kwangu, mtarudi wewe na lenyewe tu. Simwozi binti yangu kwa mtu anayemaliza maji ya mama zake."

Umazi alikuwa mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Litafutie dawa. Mimi sitangoja mpaka mvua inyeshe."

Ndipo nikaenda baraza ya kahawa, kwa mabingwa wangu. Wakanishauri mambo mawili. Dafu, kama nilivyosema. Na la pili: presha ndiyo adui, kwa hivyo legeza kifuniko cha rejeta ili gari lipumue.

Nikayafuata yote mawili. Nilijaza madafu mpaka shingoni, kifuniko nikakiacha kimeshikilia kidogo tu, nikamchukua Mjomba Bakari tukajaribu kilima kutoka Kombani.

Hatukufika hata nusu.

Povu liliruka likafunika kioo chote. Harufu ikawa ya kashata inayopikwa. Nilisimamisha gari katikati ya barabara kwa sababu sioni mbele, na mjomba akaniuliza kwa upole, upole wa mtu anayejizuia kuua, "Hili ni gari langu ama ni jiko la mama yako?"

Tulipofungua boneti nyuki walikuwa wameshafika. Nadhani walitoka mpaka Mkongani.

Mjomba akatoa hukumu pale pale: gasketi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imekufa. Kichwa cha injini kitafunguliwa, vipuri viagizwe Mombasa, na pikapu italala wiki kadhaa. Harusi ilikuwa Ijumaa inayofuata.

"Umazi utamfuata na punda," akasema. "Punda akinywa maji, mkwe wako hatashangaa."

Wakuu, sikulala.

Tukalivuta gari mpaka kwa Fundi Mbwana, mtu wa Msambweni aliyekuwa na gereji nyuma ya soko la Ukunda. Huyu bwana alikuwa akijisifu hata akiwa amelala. Alinusa injini, akaita majirani waje wanuse nao.

Hapa ndipo penye faida ya uzi. Wenye magari, someni polepole.

Kwanza aliacha injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Mimi niliwahi kufungua, na nyusi zangu zilirudi zikiwa na rangi nyingine.

Akasuuza rejeta tena na tena mpaka maji yakatoka safi. Akajaza, akawasha injini bila kifuniko, akachungulia. Alisema gasketi ikipasuka, moshi wa injini hupenya kwenye maji na mapovu hutoka mfululizo, hayaishi. Yetu yalitoka machache, hewa iliyobaki ndani, yakanyamaza.

Akachomoa kijiti cha oili. Oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji hayakuingia humo. Akaenda nyuma, akatazama sailensa: hakuna moshi mweupe wa mvuke.

"Gasketi yako ni nzima kuliko akili yako," akaniambia.

Kisha akafunga kifuniko barabara, akaiacha injini ipate moto, akashika ile paipu nene ya juu, itokayo kwenye injini kuingia rejeta, kwa kitambaa na kuiminya. Gari likishapata moto, paipu hiyo yapaswa kuwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo. Yetu ilikuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Na kile kipaipu chembamba kilikuwa kimeshaanza kupuliza mvuke, safari yenyewe haijaanza.

Lilipopoa akanipa kifuniko mkononi. "Minya hiyo springi."

Nikaiminya kwa kidole kimoja ikaingia bila ubishi. Raba yake ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mkulima.

Akafunga kifuniko kingine, tukarudia. Paipu ikawa ngumu, kipaipu kikanyamaza.

Ijumaa nikapanda Kwale, nikateremka, nikaingia uani Kinango. Mzee Mwero alikuwa ameweka karai la maji mbele kabisa ya mahali pa kuegesha, naye amesimama kando na fimbo, kama anayengoja ndama.

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho kwenye pikapu.

Tukakaa. Tukanywa chai. Pikapu kimya. Akainuka akaizunguka, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Leo limefunga saumu?"

"Limefunga, baba."

Akageukia nyumba. "Umazi, toka mwanangu, mwende. Lisije likafuturu hapa."

Funzo langu kwenu ni fupi: jua ugonjwa kwanza, dawa baadaye, na mshauri wako umwulize kama ana gari. Wewe ulishawahi kutia nini kwenye rejeta? Andika hapo chini bila haya, hakuna atakayenishinda.

Lakini kichwa changu ni kigumu. Njiani nikawa namweleza Umazi na shangazi zake kwamba yale madafu ndiyo yaliyoisafisha injini, kifuniko kilimalizia tu. Tulipopita Ukunda nikasimama kwa Fundi Mbwana ili athibitishe mbele ya mke wangu.

Akainama dirishani, akamsalimu Umazi vizuri, kisha akaniambia:

"Dafu ni maji yenye sukari, hukaangika. Na presha uliyokuwa ukiikimbia ndiyo huyafanya maji yachelewe kuchemka. Kifuniko kilikuwa hakiishiki hiyo presha, maji yakachemka mapema, yakamwagika. Basi."