Mti Waupendao Ndege

Nyumba ya Mzee Miraji na Bi Semeni ipo kando ya barabara kuu, ukishatoka Kibiti kuelekea Ikwiriri, mahali ambapo ardhi ni mchanga mtupu na mikorosho imesimama mbalimbali. Ni nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa kwa bati, waliyojengewa na binti yao Zena anayeishi Dar es Salaam, na mbele yake kuna uwanja mdogo ambao Bi Semeni huufagia kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio ionekane. Hawakuhamia hapo kwa kupenda. Yale mafuriko makubwa ya Mto Rufiji yalipopanda bondeni na kukawia kushuka, yaliondoka na nyumba yao, mpunga wao na dungu la Mzee Miraji, na ndipo Zena alipotamka kwamba wazazi wake hawatarudi tena kuishi mtoni.

Mtu asiyelelewa bondeni hawezi kujua Mzee Miraji alipoteza nini siku ile. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mkulima hukwea humo wakati mpunga unapoanza kutunga maziwa, akakaa humo mpaka uvunwe, na kazi yake ya mchana kutwa ni kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Hutandaza kamba kutoka dunguni hadi pembe zote za shamba, akazifunga makopo yenye vijiwe, ili avutapo kamba moja kona nzima ipige kelele. Kiunoni huvaa kombeo, na miguuni pake huweka madonge ya udongo uliokauka. Lakini silaha ya Mzee Miraji ilikuwa sauti yake. Katika ujana wetu, nilipokuwa nikirudi likizo kutoka shule ya misheni kule milimani, niliisikia sauti hiyo kabla sijaliona bonde lenyewe, ndefu, ikipanda na kushuka, na madungu mengine yakiiitikia moja baada ya jingine hadi ikapotelea upande wa Ngorongo. Nimesikia kwaya nyingi tangu hapo, na sijasikia kitu kilichonituliza moyo kama kile.

Katika nyumba ya saruji sauti ile ilikoma. Magoti yake yalikuwa yamevimba, ni kweli, lakini daktari aliyempima alisema magoti yale yangeweza kumfikisha msikitini na kumrudisha. Hakwenda. Alilala kitandani akiuelekea ukuta, akaletewa chakula akaacha nusu, akaulizwa neno akajibu kwa kichwa. Zena alipopiga simu kusema kwamba nyumba yake mpya kule Mbagala ikikamilika atakuja kuwachukua wote wawili, Bi Semeni alitegemea mumewe atakataa kwa ukali, maana huyu ni mtu aliyewahi kuiambia serikali ya kijiji kwamba hatahama mtoni hata akibebwa. Mzee Miraji akasema, “Kama mnavyoona wenyewe.” Bi Semeni alinieleza baadaye kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomtisha. Aliona kwamba mtu anayekubali kila kitu ameshaanza kuondoka, na kwamba wakimpeleka mjini katika hali ile watakuwa wamekwenda kumzika tu.

Siku moja walikuwa Ikwiriri kwa ajili ya dawa za magoti, wakisubiri gari kwenye benchi la nyumba moja ya wageni. Uani mwa nyumba ile palikuwa na mforosadi uliojaa matunda, na ndani ya matawi yake ndege walikuwa wakigombana kwa kelele. Mzee Miraji aliinua kichwa. Akautazama mti ule kwa muda mrefu, na mkono wake wa kulia ukashuka taratibu hadi kiunoni, ukapapasa pale ambapo kombeo lilikuwa likikaa, usikute kitu, ukarudi magotini. Gari likaja, wakapanda, naye akarejea katika ukimya wake. Mkewe alikuwa ameuona ule mkono.

Wiki hiyohiyo Bi Semeni alirudi Ikwiriri peke yake, akaenda kwa Iddy mwenye kitalu cha miche. Iddy ni mtoto wa bondeni kama wao, kijana mpole anayependa kueleza, na alipoambiwa kwamba panatafutwa mforosadi wa kupandwa uwanjani alifurahi, kwa kuwa wateja wengi huulizia miembe na michungwa tu. Alimweleza kwamba mforosadi si wa aina moja. Kuna ule wa nchi za baridi, wenye matunda manene meusi na ladha kali inayosifiwa sana, lakini huo hutaka usingizi wa baridi kila mwaka, na katika joto letu hutoa majani kisha ukanuna. Kuna wenye matunda marefu kama kidole, matamu kama sukari, nao hulipenda joto, ila katika mchanga ule Bi Semeni angelazimika kuunywesha kama anavyonyweshwa ng'ombe. Kuna ule wa zamani tuliouzoea, wenye matunda madogo meusi yasiyo na idadi, ambao ukishashika mizizi huvumilia kiangazi, na kila ukipogolewa huchipua na kuzaa tena; ubaya wake ni kwamba matunda yake hudondoka na kutia madoa nguo, mikeka na nyayo za watu. Tena upo uliopita mikononi mwa watu wa mradi wa viwavi wa hariri, wenye majani mapana kama sahani na kivuli cha haraka, huo tunda lake ni la kutafuta.

Bi Semeni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kwamba kati ya hiyo yote ni upi ambao ndege huupenda zaidi. Iddy alitabasamu, akamwambia asiwe na wasiwasi, amemwelewa vizuri sana. Akamchagulia mche wenye afya, akaufunga kiriba chake kwa gunia ili udongo usimwagike njiani, akamsindikiza hadi kwenye gari.

Ulipandwa mbele ya baraza, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Bi Semeni aliutilia samadi ya mbuzi aliyopewa na jirani yake Rukaya, akauzungushia miiba, akaunywesha maji ya kisimani asubuhi na jioni. Mti ukamshukuru kwa majani. Masika yalipopita ulikuwa umemzidi kimo, majani yake mapana yakimeremeta, na watu wapitao barabarani walisimama kuusifu. Lakini tunda halikuonekana, na ndege hawakuwa na haja nao. Ndani ya nyumba Mzee Miraji alikuwa amekonda hata kanzu yake ya Ijumaa ikamning'inia. Zena alipiga simu kusema kwamba nyumba imeshapauliwa, bado milango.

Hapo Bi Semeni akamrudia Iddy. Yaliyosemwa siku hiyo nimeyasikia kwa wote wawili, na hayatofautiani.

“Iddy mwanangu, mti wako hauzai.”

“Ndio, mama. Si ndivyo ulivyotaka?”

“Mimi?”

“Uliniuliza habari za ndege. Nikakupa ule ambao hawaugusi.”

“Nilikuuliza upi wanaupenda. Sikukuuliza upi wanauchukia.”

Iddy alisimama na kopo lake la kunyweshea maji likivuja miguuni. “Bi Semeni, unisamehe. Tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa Rufiji akitafuta ndege.”

“Basi leo umemsikia,” akasema, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hapo ndipo alipomweleza habari za mumewe, mpaka ule mkono uliopapasa kiunoni.

Hatuwezi kumlaumu kijana yule. Kwetu sisi, ndege ndiye anayekula jasho la mwaka. Mtoto hufundishwa kumfukuza kabla hajafundishwa kuhesabu, na yeyote kati yetu angeulizwa swali lile pale kitaluni angelijibu kama Iddy alivyolijibu. Hata Mwalimu wa madrasa, aliposimuliwa, alisema kwamba naye angedhani hivyohivyo.

Iddy hakumpa mche mwingine. Nyuma ya kitalu chake, ndani ya pipa kuukuu lililokatwa nusu, alikuwa na mforosadi wa zamani, wenye matunda madogo meusi, aliokuwa akiukata vipandikizi vya kuuza, nao ulikuwa umeshazoea kuzaa. Aliupakia kwenye bajaji pamoja na pipa lake, akaja nao mwenyewe. Aliung'oa ule wa majani, ambao Rukaya aliuomba kwa ajili ya mbuzi wake, akauweka huu mahali pake, akaupogoa na kuunyonyoa majani hadi ukabaki fimbo tupu. Rukaya alitazama akasema kwamba huyu mama ameacha mti akapanda kuni.

Fimbo zile zilichipua, na pamoja na majani machanga yakatoka matunda, kwanza ya kijani, kisha mekundu. Bi Semeni hakumwambia mumewe lolote. Alichofanya ni kukivuta kitanda mpaka dirishani, akidai kwamba ukuta una unyevu, na kila asubuhi akayafungua madirisha wazi.

Wa kwanza kufika alikuwa shorewanda, yule ndege wa kijivu mwenye kishungi na mdomo mwingi. Akaonja, akaita wenzake. Siku iliyofuata mti ulikuwa umechafuka kwa ndege na uwanja umechafuka kwa madoa. Bi Semeni alikuwa mlangoni anapepeta mchele, na akasikia kutoka chumbani kofi moja dhaifu la viganja. Akaendelea kupepeta. Kofi likarudi, safari hii na kikohozi ndani yake. Ndege hawakujali. Kisha ikaja sauti, iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

“Mama Zena! Umelala? Ndege wanamaliza!”

Akamjibu kwa upole kwamba yeye macho yake siku hizi hayaoni mbali, anayeona na awafukuze. Halafu akamsikia akiteremsha miguu, akiguna, akilaani magoti yake moja baada ya jingine, na Mzee Miraji akatokea mlangoni ameshika fremu, akautazama mti kwa hasira ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu mafuriko. Alipaza sauti. Haikuwa ile ya zamani, lakini shorewanda wote waliruka.

Tangu siku hiyo kiti chake kilihamia barazani. Alitaka kamba, akaletewa. Alitaka makopo ya maziwa, akachagua mwenyewe vijiwe vya kutia ndani, akimkaripia mkewe kwamba vijiwe vya mchanga havina sauti. Watoto waendao shule walijifunza kumsalimu, kisha wakajifunza kujibu mwito wake kutoka ng'ambo ya barabara, na yeye akawasahihisha namna ya kuuvuta. Alikula chakula chake chote, kwa kuwa alikula haraka ili arudi kwenye kamba. Tatizo likawa jingine. Mzee Miraji aliamia kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba ndege walianza kupungua, na Bi Semeni akaingiwa na hofu. Kila mzee alipokwenda msikitini, mkewe alichuma matunda yaliyoiva akayatawanya juu ya paa la makuti la jiko la nje ili ndege wasikate tamaa. Rukaya alimkuta siku moja akifanya hivyo, akamwambia, “Shoga, wewe unawalisha, mumeo anawafukuza. Mnafuga au mnapigana?” Bi Semeni akamwomba amsitiri.

Zena alikuja Jumamosi na gari la kuazima. Milango ya Mbagala ilikuwa imekwisha. Nami nilikuwepo barazani siku hiyo, nimekuja kunywa uji, kwa hiyo niliyaona. Kanga za Bi Semeni zilikuwa zimeshakunjwa ndani ya sanduku. Nalisema hili kwa sababu watu hulisahau: yeye alitaka kwenda. Kule kulikuwa na bomba la maji ndani ya ua, na jiko la gesi, na mjukuu ambaye hajawahi kumbeba, na mgongo wake mwenyewe haukuwa wa msichana. Yote hayo aliwahi kumwambia mke wangu, na mumewe hakumwambia hata moja.

Zena alimsalimu baba yake, akashangaa kumkuta nje, akamwambia ajitayarishe ili wawahi kabla ya foleni. Mzee Miraji akavuta kamba, makopo yakalia, akasubiri ndege watoke.

“Niondoke sasa? Nani ataamia?”

“Baba, ni mti mmoja.”

“Mti ni mmoja, ndio. Ndege ni wengi.”

Zena alicheka, kisha akaona kwamba baba yake hacheki, akamgeukia mama yake. Sote tulijua kwamba neno moja kutoka kwa Bi Semeni lingemwinua mzee yule na kumtia garini, maana katika mambo makubwa hakuwahi kumpinga mkewe. Bi Semeni alitazama sanduku lake lililokuwa mlangoni. Shorewanda walirudi, wakafukuzwa tena.

“Mwache baba yako amalize msimu,” akasema.

“Na msimu wa mti huu unakwisha lini, mama?”

Bi Semeni akajibu kwamba yeye si mtaalamu wa miti, labda aulizwe Iddy. Mzee Miraji alidakia kwamba Iddy ameshaahidi kuja kuupogoa tena mara matunda haya yatakapokwisha, na kwamba safari hii atamshikia matawi yeye mwenyewe, kwa kuwa kijana yule hukata chini mno.

Gari liliondoka alasiri likiwa na gunia la mihogo na kopo la forosadi lililofunikwa kwa jani la mgomba. Bi Semeni aliliaga mpaka lilipopotea kwenye kona, akaliingiza sanduku chumbani, akazitoa kanga moja moja na kuzirudisha kwenye kamba ya nguo ukutani. Kisha akachukua ndoo, akaniomba radhi kwamba uji umepoa, akashika njia ya kisimani.