Suti ya Chini ya Turubai

Tangu barua ifike Alhamisi mchana, Mama Pindo hakukalika. Alikuwa akiketi, anainuka. Anabandika sufuria ya maji, anaisahau mpaka inakauka. Kijana wake wa mwisho, baada ya miaka miwili ya kuzungusha vyeti mjini, alikuwa ameitwa katika ofisi ya mawakili. Aanze Jumatatu, saa mbili kamili. Na mwishoni mwa barua yalikuwapo maneno mawili yaliyomtoa mama mtu kitini: mavazi rasmi.

"Nitavaa shati jeupe na ile suruali ya mahafali," kijana alisema.

"Ile inayong'aa makalioni kama kioo? Mawakili wakikuona nayo watauliza, huyu ni mtoto wa nani."

Suruali hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa karani mkuu wa posta kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka yote hiyo hakuonekana dirishani hata siku moja na ukosi uliochakaa. Ukosi ulipoanza kulika, mkewe aliufumua, akaugeuza, akaushona upya, na shati likaenda miaka mingine mitatu pasipo mtu kujua. Lakini kijana alikuwa amempita baba yake kwa shubiri nzima. Pindo la suruali lilishateremshwa siku ya mahafali, na mikono ya koti la marehemu ilimwishia juu ya vifundo. Hapakubaki kitambaa cha kuteremsha.

Jina la Mama Pindo alipewa na wanafunzi. Alifundisha ushonaji katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu, na katika maisha yake ya kazi hakuwahi kusahihisha nguo kwa nje. Aliipindua kwanza, akatazama mishono ya ndani, akavuta uzi kwa kucha, akapima pindo kwa vidole, akaandika alama. Mara nyingi mwanafunzi alirudishiwa gauni lake mwalimu akiwa hajaliona upande wa mbele.

Ijumaa alizunguka madukani. Suti zilizolingana na pensheni yake zilikuwa zimebandikwa kwa gundi. Aliufinya ukosi wa moja na kusikia ndani ukilia kama karatasi. Hiyo ingefuliwa mara moja tu, ikafura kama andazi. Zile zilizoshonwa sawasawa, hata bei yake hakutaka kuirudia kichwani.

Jioni hiyohiyo akaingia wifi yake, dada wa marehemu, anayekaa nyumba ya pili. Mkononi alikuwa na suti.

"Mume wangu imemkataa, tumbo limezidi. Nikasema, nimletee mwanetu."

Mama Pindo aliishika. Suti ilikuwa nzuri, ingawa kijana angeelea ndani yake. Lakini wifi alikuwa na mdomo usio na mlango. Kabla ya Jumapili ukoo mzima ungesikia kwamba mtoto wa karani mkuu ameanza kazi kwa nguo za kuombwa.

"Ahsante sana, wifi. Tumeshanunua."

"Aa, mmeshanunua? Basi nitakuja kuiona."

Ndivyo Mama Pindo alivyolala na suti ambayo hakuwa nayo.

Jumamosi, saa ambayo watu wazima wenzake hupumzika, alijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani myeusi, akaenda soko la mitumba. Alipita vibanda viwili haraka kama anayefukuzwa, akajitosa cha tatu kutoka kwenye bomba la maji, kwa sababu turubai lake la buluu lilishuka chini na ndani palikuwa na giza la kutosha kujificha. Akaanza kupekua makoti.

"Shikamoo, mwalimu."

Aliganda. Mwenye kibanda, mwanamke mnene mwenye futi kamba shingoni, alikuwa anatabasamu.

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Soko zima hili hakuna mwingine anayesoma koti kuanzia kwapani. Hunikumbuki? Mimi Uzi Mrefu."

Alimkumbuka vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu msichana yule alitunga sindano uzi wa pima nzima ili asitunge mara mbili, na kila siku ukamfunga mafundo.

"Nilikupa alama ngapi?"

"Thelathini na moja. Nawaambia wateja tisini."

Mama Pindo hakucheka. Macho yake yalikuwa njiani. Lakini vidole vilikuwa vimeshakamata kitu. Koti la sufu, jepesi, bitana imeshikizwa kwa mkono, na ndani ya kila mshono kimeachwa kitambaa cha upana wa vidole viwili. Mtu aliyelishona hakuwa na haraka.

"Suruali yake iko wapi?"

"Robota la mitumba halifungwi hivyo, mwalimu. Koti linakuja na lake, suruali na yake. Mtafutie mwenzake."

Alipekua nusu saa, jasho likimtiririka chini ya kitambaa, mpaka akapata suruali ya sufu ileile kwa kuigusa, urefu wa kijana, pindo la vidole vinne. Akaipindua, akavuta mishono. Haikutoa hata uzi mmoja.

"Hii hapa."

"Tuzitoe juani kwanza," Uzi Mrefu alisema. "Chini ya turubai hili..."

Wakati huohuo njiani alipita mama mmoja wa kwaya yao, kapu mkononi. Mama Pindo alirudi nyuma ya makoti.

"Usinifundishe kitambaa," alinong'ona. "Funga."

Nyumbani, kabla hata ya kuvua miwani, alizianika uani zipigwe upepo, koti na suruali bega kwa bega, akaenda kutafuta sindano. Aliporudi, wifi alikuwa amesimama chini ya kamba, mikono kiunoni, kichwa upande.

"Wifi, hii ndiyo suti?"

"Ndiyo."

"Mbona ni nusu mbili?"

Mama Pindo alitazama. Jua lilikuwa linazipiga sawasawa. Koti lilikuwa la buluu iliyokolea. Suruali ilikuwa nyeusi tititi.

Alizianua zote mbili, vibanio vikaanguka chini, akatoka na kitambaa kikiteleza shingoni. Miwani ilibaki mezani. Alikuwa ameshavuka barabara ndipo alipokumbuka, na hakurudi.

Sokoni walikuwa wameanza kukunja maturubai. Uzi Mrefu alimwona kwa mbali akasimama.

"Nilisema, mwalimu."

"Ulisema."

Safari hii walisimama katikati ya njia, penye jua lililobaki, watu wakiwapita kushoto na kulia. Suruali ya kwanza ikawekwa juu ya koti, nyeusi. Ya pili ya buluu, lakini buluu ya sare za walinzi. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kibanda cha jirani kilishafungwa kufuli. Mama Pindo alihisi Jumatatu inamjia mbiombio.

Uzi Mrefu akamletea ya kijivu.

"Kijivu? Barua inasema rasmi."

"Akivaa buluu na nyeusi, wataona mtu aliyevalia gizani. Akivaa buluu na kijivu, wataona amechagua."

Mama Pindo aliichukua. Kidole kilishaanza kuipindua, akakizuia. Aliiweka juu ya koti, akaitazama kwa nje muda mrefu, akasogea hatua mbili, akaitazama tena.

"Mwalimu? Ni wewe?" Yule mama wa kwaya alikuwa anarudi, kapu limejaa.

Mama Pindo alimsogezea suruali.

"Ni mimi. Hebu nishikie mguu huu, niuone vizuri."

Mama wa kwaya akaweka kapu chini, akashika. Ndipo mwalimu alipoipindua. Mishono ilikuwa imara, ila pindo mtu alilipiga kwa mishono mirefu ya ovyo.

"Hilo pindo utalirudia," Uzi Mrefu alisema.

"Kwa uzi mfupi."

Jumatatu asubuhi alimsimamisha kijana uani, penye jua, akamgeuza kama yai. Wifi alitokeza mlangoni kwake.

"Imependeza. Duka gani?"

"Sokoni, kibanda cha tatu kutoka bombani. Ijumaa nilikudanganya, wifi. Ukienda, chagulia nje."

Wifi alirudi ndani, akatoka na kapu la sokoni.

Siku ile Mama Pindo alifagia ua mara tatu. Saa kumi na moja jioni kijana aliingia, akavua koti, akalitundika kwa uangalifu.

"Enhe?"

"Wamesema kesho nije na kalamu mbili."

"Na nguo?"

"Hakuna aliyezisema."

Mama Pindo akavuta kiti, akaketi, na safari hii hakuinuka.