Maiki Kwenye Kanga ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Ukata, milimani, kwenye kahawa na mahindi. Kwetu usipa, dagaa wale wa Ziwa Nyasa, hufika wakiwa wakavu ndani ya gunia. Kwa hiyo nilipoolewa na kijana wa Lituhi, kando ya ziwa hilo, nikaenda kwao kumsalimia mama mkwe na kupewa usipa wabichi nipike, niliwakoroga kwa mwiko kama ninavyokoroga mboga ya maboga. Wakawa uji.

Mama mkwe alitazama sufuria, akanitazama, kisha akaanza kunieleza taratibu, bila kupandisha sauti, jinsi usipa wanavyooshwa, wanavyopangwa, na kwa nini mwiko hauwahusu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni akimrekodi kwa simu. Ile video ilizunguka kwa ndugu wote. Nilicheka pamoja nao, ila moyoni nilibaki namwogopa yule mama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sikujua kama ananipenda au ananivumilia tu.

Wifi ni mwalimu wa sekondari mjini Mbinga, na mimi nina saluni ya kusuka nywele jirani na stendi. Siku moja alikuja kusukwa, akaiangalia tena ile video akiwa ameinamisha kichwa mikononi mwangu, akasema kwamba hiyo si video, hiyo ni filamu. Shule zilipofungwa aliandika hadithi fupi ya bibi harusi wa milimani na mama mkwe wa ziwani, kila mmoja akidhani mwenzake anamdharau. Aliniambia nipige picha mimi, kwa sababu video zangu za mitindo ya nywele zilikuwa zinapendwa. Nilikubali kabla sijajua nimekubali nini.

Tulijaribu kwanza kwa simu. Tukaenda Lituhi, tukapiga kipande kimoja ndani ya jiko na kingine ufukweni. Jikoni nyuso zote zilitoka nyeusi tii kama mkaa, na ufukweni upepo wa mwera uliingia kwenye simu ukanguruma kama lori linalopanda mlima. Neno moja tu la wifi lilisikika, nalo lilikuwa "haisikiki".

Ndipo tukaanza kutafuta kamera. Fedha tuliyokuwa nayo ilitoka kwenye kahawa ya shamba langu dogo na akiba ya saluni, na haikuwa ya kuchezea. Bwana mmoja anayepiga picha za harusi pale mjini alitushauri tununue kamera kubwa ya kubeba begani. Alisema watu wakiiona wanakaa sawa wenyewe. Mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki na anapenda mashine yenye uzito, aliafiki mara moja.

Tukapanda basi kwenda Songea, mimi na yeye. Dukani tulimkuta dada mmoja mchangamfu ambaye hakuanza kwa kutuonesha kamera. Alituuliza tunataka kupiga nini. Nikamwambia: jiko la kuni lenye dirisha dogo, mwanamke anayeongea taratibu, na ziwa lenye upepo. Akaiacha ile kubwa ya begani pale pale rafuni, akashusha mbili ndogo. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, na boksi lake limejaa sifa. Nyingine ilikuwa imeshatumika, rangi imechubuka pembeni, na kioo chake cha nyuma kilikuwa kinageuka kama dirisha la bawaba.

Nikaomba kitu ambacho mume wangu alikionea aibu. Nilimwomba yule dada atuingize stoo, azime taa na kuacha mlango wazi kidogo tu, ili pafanane na jiko la mama mkwe. Mume wangu akaketi juu ya maboksi ya televisheni, nikampiga kwa kamera zote mbili. Ile mpya ilimtoa kama kivuli chenye chenga chenga. Ile ya zamani ilimtoa yeye kabisa, na jasho la safari, na kovu dogo la kwenye nyusi ambalo huwa nalisahau. Tena ilikuwa na tundu la kuchomeka maiki, ambalo ile mpya haikuwa nalo.

Ila lenzi iliyokuja nayo ilikuwa fupi na haivuti. Mume wangu akauliza, "Sasa kama haivuti, nitamsogelea vipi mtu aliye mbali?"

Yule dada akajibu, "Kwa miguu, kaka."

Tulicheka mpaka mwenye duka la pili akaja kuchungulia. Tukaichukua ile iliyotumika. Kilichosalia tulikigawa kwa vitu ambavyo yule dada alisema watu huvisahau, kisha wanavijutia: betri ya akiba, memori kadi mbili, hedifoni za kufunika masikio, na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ile isiyo na waya. Kwa stendi ya kamera fedha haikutosha. Mume wangu alitengeneza moja gereji kwake kwa bomba za pikipiki zilizokatika, nzito kiasi kwamba hata upepo wa ziwani haukuweza kuitikisa. Maiki niliivalisha kipande cha kofia ya sufu, zile tunazowavalisha watoto Mbinga wakati wa baridi, na mngurumo wa lori ukaisha.

Likizo iliyofuata tukateremka wote kwa njia ya Kitai, tukiwa na kila kitu ndani ya ndoo zenye mifuniko kwa sababu ya vumbi. Wifi angeigiza bibi harusi. Wa kuigiza mama mkwe alikuwa mama mmoja wa kwaya ya parokia yetu, Mmatengo wa milimani kama mimi, mwimbaji hodari. Shida ni kwamba alizoea kusikika mpaka benchi la mwisho kanisani. Kila alipofungua mdomo nilizitoa hedifoni masikioni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele, akitutazama tunarudia na kurudia. Mwishowe aliweka ungo chini.

"Huyo mwanamke mnayemwigiza hapigi kelele," alisema. "Mwenye nyumba hana haja ya kupiga kelele."

Yule mama wa kwaya hakununa hata kidogo. Alivua kanga ya kuigizia, akamfunga mama mkwe kiunoni, akamwambia atuoneshe, na yeye mwenyewe akachukua nafasi ya jirani mbea. Wifi alitaka kumfundisha mama yake maneno ya kusema. Mama akamwambia maneno anayo.

Nilimbana maiki kwenye pindo la kanga; sikuwahi kumsogelea karibu hivyo. Kisha nikavaa hedifoni. Alimtazama wifi, akaitazama sufuria, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hawa samaki walikukosea nini?" Ilikuwa kama amenisemea ndani ya sikio. Nilijiuma mdomo nisicheke. Mume wangu, aliyekuwa ameshika shuka jeupe mlangoni ili mwanga wa jua uingie ndani, alicheka waziwazi na ikabidi turudie.

Ufukweni tulitaka kumpiga picha mama mkwe akitembea, kamera ikimfuata bila kuruka ruka. Tulijaribu toroli la sokoni, likazama mchangani. Basi mume wangu akaazima mtumbwi, nikakaa ndani nimeikumbatia kamera kama mtoto mchanga, yeye akausukuma akiwa majini mpaka mapajani, sambamba na mama anayetembea nchi kavu. Maji yalikuwa yametulia asubuhi ile. Hakuna barabara ingenibeba laini namna hiyo. Nilikuwa naomba Mungu na kufurahi kwa wakati mmoja.

Baadaye tulipumzika. Mama mkwe na yule mama wa kwaya walikwenda kuketi kwenye ukingo wa mtumbwi mwingine, mbali kidogo, nami nikabaki nafuta mchanga kwenye lenzi, hedifoni bado masikioni. Maiki ilikuwa haijazimwa. Nikamsikia mama wa kwaya akimsifu kwa kuigiza. Kisha nikasikia ile sauti ndogo.

"Nilipoambiwa kijana anaoa milimani, nilijua ataniletea baridi ndani ya nyumba. Kumbe ameniletea macho. Hilo jiko nimelipikia tangu niolewe, sikujua kama ni zuri mpaka nilipomwona yeye analitazama."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Ziwa lilikuwa pale pale, watoto walikuwa wanaogelea, na mimi machozi yalikuwa yananitoka huku nikitabasamu kama mtu aliyepungukiwa akili. Niliwaendea. Nikapiga magoti mchangani mbele ya mama mkwe ili nitoe maiki kwenye kanga.

"Samahani, mama," nilisema. "Hii kitu ilikuwa inawaka."

"Najua," alisema. "Ulidhani nilikuwa naongea na nani?"

Mama wa kwaya aliangua kicheko chake cha benchi la mwisho. Mama mkwe alinishika shavu kidogo, kwa mkono wenye harufu ya samaki, kisha akauliza kama tunaendelea na kazi au tumekuja kupunga upepo.

Wifi aliunganisha vipande vyote kwenye kompyuta yake kwa muda mrefu, na filamu ilipokamilika tuliirudisha Lituhi. Parokiani walitupa ukumbi, wifi akaja na projekta ya kuazima, tukatundika shuka. Watu walijaa, wa Anglikana na wa Katoliki, wengine wamesimama madirishani. Bibi harusi alipoingiza mwiko kwenye usipa, wanawake ukumbi mzima waliguna kwa uchungu. Ufukwe ulipotokea, wakaanza kuoneshana nyumba zao na mitumbwi yao, na maneno ya wifi yakapotea yote, tukalazimika kurudisha nyuma. Ilipoisha waliomba ianze upya, wakaitazama tena kana kwamba hawajui mwisho wake.

Mama mkwe alikaa mbele kabisa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono njiani, akaniuliza nimwambie kweli, kama mtu wake: je, akitembea huwa ameinama vile alivyoonekana kwenye shuka?

Nikamwambia ndiyo, mama, kidogo.

 Aliachia mkono wangu, akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akaongoza njia hivyo hivyo mpaka mlangoni, na sisi nyuma yake tukicheka.